Shoka la Shimo la Mgomba

Kabla sijasema neno lolote jema juu ya Mwalimu, acha niseme kwanza nililomfanyia, maana nikianza na sifa zake mtadhani mimi ni mtu mwema anayemkumbuka mzee wake. Nilimdanganya. Nilitengeneza shoka la jiwe, la aina ile ya watu wa zamani kabla ya chuma, nikalifukia, nikamwita aje alichimbue kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na miwili lilikaa katika sanduku lake kama jiwe namba moja. Mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, watu wa makumbusho walimwandikia barua kwamba watakuja kuyaona mawe yake, na wakiridhika watayachukua yote yawekwe mahali watoto wa Kisii na Nyamira watayaona, na jina lake chini. Shoka langu ndilo lingetangulia mezani. Wataalamu wangelitambua, au wasingelitambua, na mimi sikujua ni lipi baya zaidi.

Haya. Sasa naweza kumwelezea.

Alikuwa analamba mawe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu wa Nyamarambe analijua hata kama hajui lingine. Unamletea jiwe umelitoa shambani, lina udongo, pengine ng'ombe amelikanyaga, na yeye analipangusa kwa kidole gumba kisha analipitisha ulimini kama mtoto na peremende. Mke wake alikuwa akigeuka kando. "Mdomo huo huo ndio unaobariki chakula," alikuwa akisema. Lakini Mwalimu alikuwa na sababu. Jiwe kavu linaficha, jiwe likilowa kidogo alama zake zinatoka, na mate, alisema, ni maji ambayo mtu hutembea nayo.

Kisha alifumba macho. Hilo ndilo lilituchekesha tukiwa watoto wa darasa la sita, mtu mzima amesimama mbele ya darasa amefumba macho, anazungusha jiwe kiganjani kama anayetafuta mlango gizani. Alikuwa anatafuta mahali ambapo linakaa. Jiwe lililotengenezwa na mtu, alisema, lina upande wa kidole gumba na upande wa kiganja, na ukilishika vibaya litakuambia. Jiwe la mto ni laini pande zote kwa sababu mto umelipiga pande zote. "Mto hauna nia," alisema. "Mtu ana nia. Tafuta nia." Halafu alifungua macho na kutuonyesha kakivimbe kadogo mahali lilipogongwa, na mistari inayotoka hapo kama mawimbi ya maji kwenye karai, na kutoka hapo hungeweza tena kuliona kama jiwe tu. Nimejaribu. Hata leo nikitembea njiani macho yangu yako chini, na watu wanadhani nina mawazo.

Siku moja alinyoa ndevu zake mbele yetu kwa kipande cha jiwe jeusi la kioo. Alitaka tuamini kwamba watu wa zamani hawakuwa wajinga. Upande wa kulia ulitoka safi. Upande wa kushoto alijikata, akaendelea kufundisha huku damu inateremka mpaka kwenye kola, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kengele ilipolia alijitazama kwenye kioo cha dirisha akasema kosa si la jiwe.

Mtu wa namna hiyo angefaa kuwa mpole. Hakuwa. Ulimi uliolamba mawe ulikuwa mkali kuliko mawe yenyewe, na watu walikuwa wakitembea kutoka mbali, wengine kutoka Marani, kuja kutukanwa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mawe ya zamani yana wanunuzi Nairobi, na kila aliyechimba choo alidhani ametajirika. Wanafika, wanaketi kwenye benchi, wanafungua vitambaa vyao. Yeye anachukua moja moja. "Jiwe. Jiwe. Hili ni tofali. Jiwe." Hakuwahi kusema pole.

Na hakuwahi kutaja bei. Walimwuliza kwa kila njia, kwa heshima, kwa hila, kwa kumletea kuku. Jibu lake lilikuwa moja: "Jiwe halina bei, lina mahali." Alimaanisha kwamba jiwe likitoka ulipolikuta, bila mtu kuandika lilikuwa shimo gani, kina gani, pamoja na nini, limekuwa bubu. Linaweza kuwa zuri, lakini halimwambii mtu kitu. Aliyeleta jiwe zuri bila mahali alifokewa zaidi ya aliyeleta tofali.

Mfanyabiashara mmoja alikuja kutoka Nyakoe kwa pikipiki, gunia zima limefungwa nyuma. Mlima ule wa kwa Mwalimu mnaujua, pikipiki haisimami bila kuzuiwa. Akafungua gunia lote likamwagika uani, Mwalimu akapita katikati yake akisema jiwe, jiwe, jiwe, na yule bwana uso unamwiva. "Hii mawe yote, Mwalimu? Hata moja?" Mwalimu alikuwa ameinama nyuma ya pikipiki. Akavuta kilichokuwa kimezuia gurudumu, pikipiki ikaanguka upande, akarudi analamba. Lilikuwa shoka la mkono, zuri, limechongwa pande mbili. Akamwuliza amelitoa wapi. "Hiyo? Hiyo ni ya kuzuia pikipiki," akasema yule bwana. "Hiyo nimekuwa nayo tangu zamani, sijui ni wapi." Mwalimu aliketi chini, hapo hapo kwenye udongo. Nadhani siku ile aliumia kweli.

Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, wa kuvua saa Ijumaa jua likizama. Kanisani alisoma kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita na alisoma kwa sauti nzito bila kutetereka. Jumapili alikuwa na jiwe mkononi akisema ni la zamani, la zamani sana, na ukimbana ni la zamani kiasi gani, alikuwa akitazama mbali. Mchungaji mgeni alimwuliza siku moja mbele ya watu, hayo mawili anayaweka wapi. Alijibu, "Mchungaji, nina mikono miwili." Basi. Lakini kitabu cha nyimbo alikishusha kwa mikono yote miwili, kama kitu kizito. Sabato moja mvua ilianza ghafla na trei ya mawe yake ilikuwa nje juani, lebo za karatasi zote juu yake. Mke wake alisimama mlangoni akamtazama. Hakuinuka. Lebo zote zililowa wino ukakimbia, na alitumia majuma mawili kuziandika upya kutoka kwenye daftari lake.

Daftari hilo lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limechorwa mistari kwa rula. Kila jiwe na namba yake, mahali, kina, siku, aliyeliokota. Safu ya mwisho ilikuwa ya aliyelitengeneza, na humo aliandika neno moja kila mara, ukurasa baada ya ukurasa: hajulikani. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiiache tupu. Akasema kuiacha tupu ni kusema hakukuwa na mtu.

Sasa mimi. Mimi kazi yangu ni msasa. Kule Tabaka wanaume wanachonga mawe yale laini, viboko na vikombe na bao, na sisi wanawake tunayakalia na karai la maji tunayasugua mpaka yawe kama ngozi ya mtoto, kisha tunayapaka nta. Nimefanya kazi hiyo tangu nilipoolewa. Jiwe baya likipita mikononi mwangu linauzika. Kwa hivyo mama yangu alipochimba shimo la chai akatoa shoka la mkono la jiwe gumu, lenye makovu na udongo mwekundu umeingia kila ufa, mimi nilifanya kile ambacho mtu wa kwetu angefanya. Nililipeleka kazini. Nilitumia msasa wa kukwaruza, nikaendelea na wa kati, nikamaliza na ule laini kabisa. Siku tatu. Makovu mengi yakaisha. Nikalipaka nta likang'aa, nikalifunga kwa kanga mpya, nikampelekea Mwalimu. Nilikuwa na furaha, nawaambia. Nilidhani nitakuwa mwanafunzi wa kwanza kumletea kitu kilicho tayari.

Ilikuwa siku ya baraza la chifu, watu wamejaa. Alilifungua. Hakulilamba. Aliliinua juu watu wote walione.

"Mnaona hii? Huyu ni mwanafunzi wangu. Huyu amemwosha maiti mpaka akamtoa uso."

Watu walicheka. Walicheka vile watu wanacheka barazani wakiwa wamechoka na hotuba, kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo mimi jina langu sokoni likawa Msasa. Ninanunua nyanya, "Msasa, chukua hizi." Mume wangu mwenyewe aliniita hivyo mara moja, na hakurudia.

Nilikasirika kwa mwaka mzima. Hasira yangu haina moto, inakaa chini kama makaa ya majivuni. Nikatafuta jiwe kwenye mto Gucha, la kijani-jeusi, gumu. Nikaligonga kwa nyundo nikapata umbo, nikalisugua kwenye mwamba wa mtoni kwa mchanga na maji, nikamalizia makali kwa msasa. Siku ambazo sikuwa Tabaka nilikuwa kwenye mwamba huo, vidole vinatoka damu. Mwishowe nililipaka utomvu wa mgomba, ule ambao ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iishe, nikalifukia kwenye samadi miezi sita. Lilipotoka lilikuwa na sura ya kitu ambacho hakijaona jua tangu Nuhu.

Na hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Mwalimu alitufundisha: ukiona kitu usikiguse, niite. Mimi nilichimba shimo la mgomba kwa mama, nikaliweka kina cha mkono hadi kiwiko, nikashindilia udongo, nikaacha majuma yapite, mvua ikanyesha. Kisha nikachimba tena polepole mpaka ncha ikatokeza. Nikaenda mbio kwake.

"Mwalimu, nimeona kitu. Sijakigusa."

Aliacha uji wake mezani.

Alipiga magoti kwenye lile shimo kwa saa nzima, na kijiko na brashi ya rangi. Alipima, aliandika. Mimi nilisimama juu yake nikingoja alitoe, alilambe, alisifu, ili nicheke mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika, niseme Msasa ndiye huyu. Alilitoa. Alililamba, samadi yangu na yote. Akafumba macho. Likakaa mkononi mwake mara moja, halikutafuta mahali.

Alipofungua macho yalikuwa yamejaa machozi. Akanishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu, siku ile nilikukosea. Leo umejifunza."

Mngefanya nini? Mimi nilisema, "Asante, Mwalimu."

Miaka ikapita. Kila mara nilijiambia nitasema baada ya mavuno, baada ya Krismasi, baada ya mama kupona, na mama alipokufa nikasema baada ya matanga. Yeye alilipa lile shoka namba moja, aliyokuwa ameiacha wazi ikingoja jiwe la kuistahili, akalipeleka shuleni, kanisani, kwenye harusi mbili. Wasichana walioolewa mbali walilishika. Nami nikawa mtu wa nyumba ile, napika chai wageni wakija, nasaidia kuandika lebo kwa kuwa mkono wake umeanza kuchoka. Kila lebo ya sanduku lile ilikuwa kweli isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa kwa mwandiko wake.

Barua ya watu wa makumbusho ilipokuja, mke wake alinisomea. Wangekuja Jumanne. Jumapili nilikwenda.

Alikuwa ameketi uani, sanduku wazi, anafunga mawe kwa pamba.

"Bwakire, Mwalimu," nikamwamkia.

"Bwakire buya. Nishikie uzi."

Nilishika uzi. Nikasema, kabla ulimi haujabadili nia, "Mwalimu, lile shoka la shimo la mgomba nililitengeneza mimi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga jiwe alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwuliza kila aliyeketi kwenye benchi lake:

"Jiwe lilitoka wapi?"

"Gucha. Chini ya daraja la miguu."

"Rangi hii ya juu?"

"Utomvu wa mgomba. Na samadi."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

"Umbo ulilitoa wapi?"

Nilikaza uzi kidoleni. Aliuliza tena.

"Ulituchorea ubaoni," nikasema. "Darasa la sita. Nililinakili kutoka daftari langu."

Alilichukua shoka akalitazama bila lenzi, bila ulimi. "Ndiyo maana," akasema. "Nilipolitoa nilijiona kama tunajuana." Akalirudisha kwenye pamba. Mke wake akachungulia dirishani kuona kama kuna mgonjwa. Nilianza kuomba msamaha. Akainua mkono.

"Nenda nyumbani."

Jumatatu lango lake lilikuwa limefungwa. Nilipita mara tatu. Msinione hivi, nilikuwa nimeshindwa hata kula. Mtu wa umri ule, moyo wake si mzima, na mimi nimempa pigo hilo siku mbili kabla ya siku aliyoingoja maisha yake yote. Na kama angewaandikia wageni wasije? Na kama angelitupa shoka mtoni akakaa kimya? Nilitaka alitupe. Naona haya kusema, lakini nilitaka hivyo.

Jumanne niliitwa kupika chai kama kawaida, na nilipoingia sebuleni na trei nililiona. Lilikuwa mezani. Katikati ya kitambaa cheupe, mbele ya mengine yote, na lebo yake ya zamani: namba moja.

Wageni walikuwa wawili, dada mmoja kijana mwenye glavu nyembamba na bwana wa makamo mwenye faili. Majirani walijaa mlangoni. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya kanisani. Hakunitazama.

Dada yule alipitisha mkono juu ya mawe yote, akasimama kwenye namba moja. Akaliinua, akaligeuza, akaliweka karibu na dirisha.

"Mwalimu, hii ni ajabu," akasema. "Sijaona lililokamilika namna hii sehemu hizi. Angalia makali."

Bwana wa faili akalitazama, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amekaza macho kwenye kalamu ya yule bwana, inavyotembea. Chai niliyokuwa namimina ilifurika kikombe ikaingia kwenye sahani, nami sikuweza kuacha kumimina. Alichohitaji kufanya ni kutosema kitu. Mimi pia.

"Hilo," Mwalimu akasema, "liweke kando. Hilo limetengenezwa hapa, miaka michache iliyopita."

Dada alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akaacha. Akalirudisha dirishani, akatoa lenzi yake, na safari hii alitazama kwa muda mrefu sana.

"Na nani?"

Mwalimu hakujibu. Angeweza kukaa hivyo mpaka jioni, namjua.

"Na mimi," nikasema.

Niliwaambia yote, nimesimama na birika mkononi. Majirani walisikia, wenye kuniita Msasa na wasioniita. Niliwaambia mengine yote mezani ni ya kweli, nimeandika lebo zake mwenyewe, ni hili moja tu. Bwana wa faili alinisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimeliwaza kwa miaka yote kumi na miwili.

"Sasa, mama, sisi tutajuaje ni moja tu?"

Dada alianza kuokota mengine, moja moja, na kila alipoweka moja chini aliliweka polepole zaidi. Akavua glavu zake. Walipiga picha, wakanywa chai, wakasema barua itakuja. Sanduku likabaki pale pale. Gari lilipoteremka kilima majirani nao wakaondoka, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wanacheka.

Tukabaki yeye na mimi, mke wake jikoni anaosha vikombe kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

"Mbona uliliweka mezani?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia na nimekasirika vyote pamoja. "Ungelificha."

Alivua koti la suti akalikunja. "Nilitaka waliangalie waone. Nilisema, wakiona, basi ni mimi mzee tu, macho yangu. Hawakuona." Akapangusa uso. "Walipoanza kuandika nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi. Ndipo nikaogopa."

Nilipiga magoti nikamwambia anipige, anifukuze, afanye analotaka. Hakuonekana kunisikia. Alikuwa amelishika shoka, anapitisha kidole kwenye makali.

"Lilikuchukua siku ngapi?"

"Nini?"

"Kulitengeneza. Kuligonga, kulisugua. Siku ngapi?"

Nilihesabu. "Kumi na saba. Asubuhi mpaka jua liwe kali."

"Kumi na saba," akasema. Akarudia kama mtu anayeonja. "Mimi niliandika ubaoni: jioni moja. Miaka yote, kila darasa. Mtu wa zamani, aketi, jioni moja awe na shoka."

"Nani alikuambia ni jioni moja?"

"Hakuna aliyeniambia." Alinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Nilikisia. Nikaona linapendeza, nikaandika."

Akalivuta daftari kubwa, akalifungua mpaka ukurasa wa namba moja. Pale palipoandikwa jina la shamba la mama na kina cha shimo alikata kwa mstari, si kwa hasira, kwa rula. Akaandika Gucha, chini ya daraja. Akaandika siku kumi na saba. Akapitisha kidole mpaka safu ya mwisho, kwenye lile neno lake la kila ukurasa, akalikata kwa mstari nalo. Kisha akanisukumia daftari na kalamu.

Nilidhani anataka nitie sahihi kama mshtakiwa. Nikaandika herufi mbili za kwanza za jina langu, nikachora mkwaju wa kumalizia sahihi.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Lote."

Nikaandika jina langu lote.